Kiti cha Priscilla Kahonzi

Priscilla Kahonzi aliongoza umoja wa kina mama wa kanisa la Tezo miaka kumi na miwili. Kalamu hakuijua vyema, lakini mama asiyefika mkutanoni, sababu yake aliijua. Alipomwachia kiti mwalimu Easter Musembi, mgeni kutoka Machakos, watu walisema amezeeka. Hakuzeeka. Alitaka tu mtu wa kuandika barua zikajibiwa.

Mwaka huo wa themanini na nne mvua ilikataa, watu wakala unga wa mahindi ya manjano, wa msaada. Watoto wa nasari ya kanisa walipewa uji, na wengi hawakutia kingine tumboni mpaka jioni. Easter akapanga zamu: mama mmoja apike, mwanamume mmoja alete kuni na kuchochea moto, kisha wale pamoja. Akaisoma orodha ibadani kwa sauti kavu. Tangu siku ile jiko likalala baridi. Hakuna mama aliyekuja.

Mchungaji Njoroge akamwendea Kahonzi. "Mama, Jumatatu pasipokuwa na mpishi, kamati itaifunga nasari. Rudi kitini."

Maneno hayo yalimpendeza, tusidanganyane. Nani asiyependa kutafutwa? Tena kosa la Easter katika zamu alilijua. Angenyamaza tu, kiti kingerudi chenyewe. Akajifunga leso, akaenda kwa Easter.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Shikamoo. Umekuja kunipokonya?"

"Marahaba. Nimekuja kunywa maji."

Easter akamletea maji, na papo hapo akaanza. "Wamama wa huku ni wavivu! Mimi nataka..."

"Wewe wataka. Wao je? Nisomee zamu ya kwanza."

"Kupika, Mama Kadzo. Kuni, Mwambire."

"Mwambire amemuoa nani?"

"Kadzo."

Kahonzi akanywa maji. Ulimi ulimwasha kwelikweli.

"Basi?" Easter akauliza.

"Basi huko kwenu Ukambani, mtu na mama mkwe wake hukaa jiko moja, wakala pamoja?"

Easter akajishika mdomo. "Uuu! Kwetu mama mkwe akitokea njiani, mtu huingia kichakani!"

"Na huku?"

"Kumbe! Mbona hamkuniambia?"

"Mama Kadzo amejifungia kwa aibu, na wenzake wamekaa naye. Aibu haitangazwi, mwanangu. Huulizwa, tena nyumbani kwa mtu, baada ya salamu."

"Twende ukanisemee, mama."

"Mimi? Kiti chako, miguu yako. Ukifika utaanzaje?"

"Nitamwambia nataka..." Akajikata. "Nitamwomba radhi. Halafu nitamwomba zamu aipange yeye."

"Akikataa?"

"Nitarudi kesho."

"Haya, nenda kabla jua halijawa kali."

Jumatatu moshi ukaonekana nasari. Mama Kadzo alikuwa akikoroga, na kuni zimeletwa na jirani asiyemhusu kwa ukwe. Kahonzi alipofika tu, Mama Kadzo akaita, "Mwenyekiti!"

"Ee!" akaitika Kahonzi. Miaka kumi na miwili si mchezo.

Kumbe aitwaye ni Easter, aje aonje uji. Kina mama wakacheka mpaka wakashikana. "Mama wewe, bado waitika tu?"

Kahonzi akacheka nao. Akaokota ndoo, akamgeukia Easter.

"Haya, mwenyekiti. Zamu yangu mimi ni lini?"