Likizo ya Bi Thoa

Watoto wa Bi Thoa, muuza supu ya tambi hapa kwetu Quy Nhơn, walimlipia siku tatu za kupumzika katika hoteli ya ufukweni, hatua arobaini kutoka kibandani kwake. Akaing'oa picha ya marehemu mumewe iliyotundikwa juu ya jiko, akaenda nayo. Nani mwingine angemwekea marehemu chai na ubani wa kila siku?

"Bibi, chumba ni cha mtu mmoja," akaambiwa mapokezi.

"Kwani huyu atakumalizia shuka?"

Kesho yake asubuhi nikamkuta kibandani, anakoroga supu. Bintiye Diễm akaja juu. "Mama! Si tulikulipia upumzike?"

"Baba yako nimemwacha kule hotelini, kivulini, nimemvika kofia. Miaka arobaini, hai na maiti, ananikodolea macho nikipika. Usiniharibie likizo!"