Mguu Uliozikwa na Madeha

Yotham Chidosa alipopata fahamu katika hema la wagonjwa la wajenzi wa reli, kitu cha kwanza alichoomba ni kukunwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Mhudumu aliyekuwa karibu naye, mtu wa pwani aitwaye Athuman, alimtazama kwa muda, kisha akafunua blanketi ili ajionee mwenyewe. Mguu uliishia kidogo chini ya goti. Pale kisigino kilipotakiwa kuwapo palikuwa na turubai tupu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1909. Reli ya Wajerumani ilikuwa imeshapita Gulwe, ikipanda taratibu kuelekea Dodoma. Yotham na rafiki yake Madeha, vijana wawili wa kijiji kimoja karibu na Kikombo, walikuwa katika kikosi cha kupakua vyuma. Asubuhi moja rundo la vyuma liliteleza kutoka kwenye behewa. Madeha aliangukiwa kifuani akafa palepale. Yotham aliangukiwa mguuni, vidole vikakunjwa chini ya unyayo kama ngumi. Aliviona hivyo kabla hajazimia, na hivyo ndivyo alivyoendelea kuvisikia ndani ya hema: vimekunjwa, vinauma, vinataka mtu avinyooshe.

"Mguu wenyewe uko wapi?" alimwuliza Athuman.

"Tumeuzika. Nyapara alikataa tuchimbe mashimo mawili kwa siku moja. Tumeutia kwenye gunia tukauweka pamoja na mwenzako."

 Yotham alilala akilitazama paa la hema, na vidole vikaendelea kuuma.

Aliporudi kijijini kwa magongo mawili, watu walimpokea vizuri, lakini kwa mbali. Habari za gunia zilikuwa zimemtangulia. Mjomba wake alimwambia waziwazi kwamba hajui amsalimie kama mzima au amlilie kama maiti, maana sehemu yake ilikuwa imekwisha kuzikwa. Mkewe, Zipora, hakuyajali maneno hayo. Ila hata yeye alijizoeza, bila kuambiwa, kutokanyaga ile sehemu ya mkeka ambapo mguu ungekuwapo. Alipita kando, akiwa na kibuyu mkononi, kama anavyopita mtu anayemkwepa mtoto aliyelala. Siku moja alijisahau akapakanyaga, na Yotham akapiga yowe.

Mwaka uliofuata treni zilianza kufika Dodoma, na wachuuzi wakaanza kushuka kutoka Kondoa kuja kuuza bidhaa zao stesheni. Mmoja wao alikuwa Mbwana, Mrangi wa makamo, mchongaji wa vinu na vigoda. Punda wake aliumia kwato karibu na nyumba ya Yotham, naye Mbwana akaomba kukaa siku chache mpaka mnyama apone. Alizipitisha siku hizo akimwangalia mwenyeji wake anavyohangaika na magongo.

"Ndugu yangu, hayo magongo yatakumaliza makwapa," alisema siku ya tatu. "Una gogo la mninga hapa?"

"La kufanyia nini?"

"Nikuchongee mguu. Sijawahi kuchonga mguu, lakini vinu nimechonga tangu utotoni. Huu nao ni kinu, ila badala ya mchi tutatia goti."

Walianza siku hiyohiyo. Mbwana alitoboa shimo juu ya gogo, akalichonga kwa nje mpaka likawa jembamba, chini akaacha unyayo mfupi mpana. Ndani walibandika ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, na kwa juu wakafunga mikanda ya ngozi ya ng'ombe ya kukaza pajani. Mara ya kwanza Yotham alipousimamia alitoka damu. Mbwana akachukua masizi ya chungu, akapaka ndani ya shimo, akamwambia ausimamie tena. Palipoacha alama nyeusi kwenye ngozi ya Yotham ndipo palipokuwa panabana, na hapo Mbwana alipunguza kwa kisu kidogokidogo. Walirudia jambo hilo kwa siku nne.

Siku ya tano Yotham alisimama bila damu. Alitulia, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa.

"Umeingia," alisema.

"Nini kimeingia?"

"Mguu wangu. Umeingia ndani ya huu. Nasikia mchanga."

Mbwana alimtaja Mungu kimoyomoyo, akaenda kunawa mikono. Lakini Yotham alikuwa akisema kweli. Alitembea uani akaweza kusema, bila kutazama chini, kwamba amekanyaga kokoto, au bua la mtama, au majivu. Kila alipouvua, mguu ule mwingine ulitoka nao na maumivu yakarudi. Alipouvaa, ulirudi ndani ya mti na kufanya kazi. Katika wiki mbili aliacha magongo. Alichunga, alilima, alikwenda mpaka Dodoma na kurudi. Watu walimwogopa zaidi kuliko mwanzo.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuja mgeni ambaye Yotham alikuwa amemkwepa tangu arudi. Alikuwa mama yake Madeha, mjane aliyeitwa Tabu.

"Mbukwa, mwanangu," alisalimu.

"Mbukwa, mama. Karibu."

Hakukaa. Alisimama mlangoni akiutazama mguu wa mti. "Zipora ameniambia kwamba mguu wako unausikia. Ule uliozikwa."

"Nausikia."

"Sasa hivi ukoje?"

Yotham aliogopa swali lile, lakini alijibu kweli. "Una baridi, mama. Tangu jana mvua ilipoanza una baridi na majimaji."

Tabu aliitikia kwa kichwa, akajitanda nguo yake, akaondoka. Alirudi siku iliyofuata na swali lilelile, na siku iliyofuata pia. Kila ilipomwagika mvua alikuja kuuliza, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kumwambia habari za mwanawe. Alikonda. Zipora alisema hata kupika ameacha.

Siku moja Yotham hakuweza kustahimili tena kumwona namna ile, akamdanganya. "Leo kuna joto kidogo," alisema. "Na nasikia mkono. Madeha amenishika kisigino, kama mtu anayeshika kitu chake akiwa usingizini."

Tabu alikaa chini kwa mara ya kwanza. Alikula ugali aliopewa na Zipora, akaumaliza.

Siku tatu baadaye Yotham alikuwa shambani akipalilia, amevaa mguu wake wa mti, akasikia mkono. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, mkavu, umekizunguka kisigino chake cha kulia. Aliangusha jembe. Aligeuka akaona nyuma yake matuta na magugu tu. Mkono haukubana wala haukuvuta, ulikaa tu. Aliufungua mguu akautupa kando, akaketi ardhini. Mkono ulibaki palepale, umeshika hewa.

Uliendelea kukaa siku nzima, na siku zilizofuata. Alijuta kwa kila neno alilosema. Hakujua kama ameuumba kwa kinywa chake au kama ulikuwapo siku zote ukingoja kutajwa. Hakumwambia Zipora. Tabu alipokuja tena alimwambia, "Mama, yule kijana anataka kurudi nyumbani. Tukamchukue."

Walingoja kiangazi. Njiani wangeweza kuomba kupanda behewa la mizigo, lakini Tabu alikataa kupanda kitu kilichomwua mwanawe. Walitembea kando ya reli siku nne, mama mzee mwenye kikapu na mtu mwenye mguu wa mti, wakipumzika jua linapopanda. Kila walivyozidi kukaribia Gulwe, ndivyo mkono ulivyozidi kukaza.

Yotham alilijua tuta la reli alilokuwa ameonyeshwa na Athuman, na mkuyu mdogo uliokuwa mbele yake. Walichimba asubuhi. Mlinzi wa reli, jina lake Khamisi, alikuja mbio kuwazuia, lakini aliposikiliza kisa chao aliweka fimbo yake chini. "Chimbeni upande huu," alisema tu. "Upande ule tuta litaporomoka."

Madeha hakuwa ndani sana. Alilala chali. Mikono yake miwili ilikuwa imekunjwa kifuani, vilevile watu wa kikosi walivyomweka, na mguu wa Yotham haukuwa karibu na mikono hiyo. Gunia liliwekwa upande wa kichwa. Yotham alikaa ukingoni mwa shimo.

"Mama," alisema, "nilikudanganya. Ule mkono niliutunga. Kisha nikaanza kuusikia kweli, lakini mwanzo wake niliutunga."

Tabu alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo. Alipapasa lile gunia, akaona lilivyowekwa. Walioliweka hawakulitupa ovyo. Walikuwa wamelikunja, wakaliingiza chini ya kichwa cha maiti.

"Alikuwa na mto," alisema Tabu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Muda wote huu alikuwa ameulalia mguu wako. Mimi nilikuwa nikidhani kichwa chake kiko kwenye mawe."

Alilifungua gunia. Ardhi ile kavu ilikuwa imeukausha mguu badala ya kuuozesha. Ngozi ilikuwa nyeusi, ngumu kama mkanda, na vidole vilikuwa vimekunjwa chini ya unyayo. Yotham alivitazama na kuvisikia kwa wakati mmoja. Tabu alimimina maji ya kibuyu, akangoja ngozi ilainike, akavinyoosha kimoja baada ya kingine, kuanzia kidogo mpaka gumba. Alifanya polepole, akivisugua, kama mama anavyomwogesha mtoto mchanga. Tabu alipofikia kidole cha mwisho, Yotham alishusha pumzi, na maumivu ya miaka miwili yakaondoka. Mkono nao ukaondoka.

"Unauchukua?" Tabu alimwuliza.

"Hapana, mama. Mwache aendelee kuulalia."

Tabu aliifunga mifupa ya mwanawe katika nguo mpya, na mguu pamoja nayo, akavitia kikapuni. Yotham alisimama ili wafukie shimo. Akaanguka. Alisimama tena, akaanguka tena. Gogo lililokuwa chini ya goti lake lilikuwa limekuwa gogo tu. Halikumwambia ardhi iko wapi wala ina nini juu yake.

Safari ya siku nne ikawa ya siku tisa. Khamisi aliwakatia fimbo, na sehemu zenye mawe Yotham alitambaa. Madeha alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake, na mto wake chini ya kichwa. Tabu alianza tena kupika, kulima, hata kugombana na majirani. Hakuja tena kuuliza kitu.

Aliyebaki na shida alikuwa Yotham. Alikuwa ameomba maumivu yaondoke, yakaondoka na kila kitu. Mvua zilipokuja alikaa mlangoni akingoja baridi ile, na haikuja. Zipora sasa alikanyaga popote kwenye mkeka. Mara mbili alimkuta mumewe amesimama nje ya ua wa Tabu, anatazama kile kilima kidogo cha udongo, mguu wa mti umezama kwenye tope bila yeye kujua.

Alirudia magongo karibu mwaka mzima. Ndipo katekista mmoja alipomleta binti yake, Emilia, mwenye umri wa miaka minane. Alizaliwa bila mguu wa kushoto chini ya goti na alitambaa kwa mikono. Shule ya misheni ilikuwa imemkataa. Mwalimu alisema hawezi kumweka sakafuni miongoni mwa miguu ya wenzake, aje atakapoweza kukaa benchini. Katekista alikuwa amesikia habari za mguu wa mti.

Yotham alimtumia Mbwana salamu Kondoa, naye akaja. Walimchongea Emilia mguu mdogo, wakaujaribu kwa masizi. Mtoto alisimama, akashika ukuta, akapiga hatua. Siku ya pili alivuka uwanja. Yotham alimtazama kwa wivu.

"Unajuaje ardhi iko wapi?" alimwuliza. "Unausikia mguu?"

Emilia hakuelewa. "Mguu upi, baba? Mimi sijawahi kuwa nao." Alifikiri. "Nasikia kwa goti. Mti unagonga goti. Kwenye mchanga unagonga kidogo, kwenye jiwe unagonga sana."

Yotham alikwenda nyuma ya nyumba peke yake, akafunga mikanda, akatembea akisikiliza goti. Alianguka mara nyingi siku hiyo. Ilimchukua mvua mbili kuacha magongo kwa mara ya pili, na hakutembea tena vizuri kama zamani. Lakini alitembea.

Emilia alikaa benchini, akajifunza kusoma. Kwa kuwa alikuwa akikua, mguu ulimpungukia, na kila baada ya mavuno walimchongea mwingine. Ile ya zamani Zipora aliitundika ukutani, mitatu, kisha minne, kila mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake. Wageni walioingia walinyamaza ghafla wakiiona. Zipora alishauri ichomwe, Yotham akakataa. Wala hakutaka izikwe.

Mwaka wa 1915, wakati vita imeshaanza na wanaume wakichukuliwa upagazi, mwanamke mmoja alitembea kutoka upande wa Mvumi akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kiume aliyeumwa na nyoka, mguu ukakatwa. Mbwana alikuwa amechukuliwa na jeshi na haikujulikana yuko wapi. Yotham alipima goti la mtoto kwa kamba ya mbuyu, akaenda ukutani, akaitazama miguu yote, akatungua wa pili.

Mama yule hakunyoosha mkono kuupokea. Ngozi ya ndani ilikuwa imebonyea, ikionyesha umbo la goti la mtu mwingine.

"Huu mguu ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wa mtu aliye hai," Yotham alimjibu. "Mvalishe."