Ulimi wa Kipimo

Dada yangu naamini alizaliwa mbishi. Kwenye mtambo wa umeme, pale mto unapoingia baharini, walimwita Kipimo, na jina hilo likampanda kichwani.

Kazi yake ilikuwa kuosha tando. Bomba moja lilileta maji ya mto, jingine ya bahari, na katikati ziliwekwa tando nyembamba. Maji ya mto yalipenya kwenda upande wa chumvi, yakajazana na kusukuma, na msukumo huo ndio uliozungusha mashine. Vifaa vya kupimia chumvi vilizibwa na tope kila mara, kwa hiyo kabla ya kufungua vali ya mto wafanyakazi walichovya kidole na kuonja. Dada ndiye aliyeaminiwa kuliko wote. Akisema "tamu", vali inafunguliwa. Miaka nenda rudi alionja mabomba yote mawili, akitema na kucheka.

Nyumbani alikuwa na vita vyake na chumvi. Shemeji alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari hakumung'unya maneno: chumvi itamuua. Dada akaifukuza jikoni kabisa. Chakula chake kilikuwa chapwa, na ole wako ulalamike.

Mwaka huo mvua zikakatika, mto ukakonda. Mashine ikaanza kuzunguka kivivu. Dada akaendelea kusema "tamu", fundi mkuu akazilaumu tando, zikasuguliwa upya. Nyumbani miguu ya shemeji ikavimba hadi viatu vikamkataa. Dada akaja juu. Alishuku mumewe anadokoa vya chumvi kwa majirani, akampekua mifuko mbele ya watoto. Niliposikia hayo kwenye simu nilikasirika, nikafunga safari.

Nilifika na kiu. Shemeji, ambaye sasa alishinda kitini, akanionyesha ndoo ya maji ya kisima chao kilicho kando ya mto ule ule. Funda la kwanza nikalitema.

"Dada, maji gani haya? Chumvi tupu!"

"Usiniletee maringo yako hapa." Akaninyang'anya kikombe, akayanywa yote bila kukunja uso. "Tamu."

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anatania. Hofu ikanishika, kwani nilielewa kwamba ulimi wa dada yangu ulikuwa umekufa, na bahari ilikuwa imeshapanda hadi kisimani.

Naye akaiona hofu yangu. Akamgeukia mumewe taratibu.

"Baba watoto, wewe unayaonaje haya maji?"

"Si nilikwambia tangu kiangazi kianze?" shemeji akasema, akihema. "Ukanijibu kwamba wewe ndiye unayeonjea mtambo mzima. Nikadhani ulimi wangu ndio unaoumwa. Nikawa nakunywa tu."

Dada akapiga magoti, akambonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo, na shimo halikujaa.