Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Sisi tuliokulia kijijini Qurus kabla umeme haujafika, matumbo yetu hayakujua kukataa kitu. Mchana tulikula makande. Mama aliyatia kipande cha magadi kutoka Ziwa Eyasi ili maharage yalainike, na bado mengine yaligonga meno kama kokoto. Tukimaliza tunakimbilia machungani, na njiani tunachimba viazi vitamu na kuvitafuna vibichi. Jioni ugali wa mtama, mweusi, mzito. Hakuna aliyelala ameshika tumbo.

Dawa yetu ilikuwa kibuyu cha Bibi. Alikisugua ndani kwa kijinga cha mzeituni pori mpaka kinukie moshi, akamimina maziwa, akakitundika karibu na meko mpaka yagande. "Makande yanakaa tumboni kama mgeni asiyeaga," alikuwa akisema. "Haya ndiyo yanayomsindikiza." Mtoto aliyeachishwa ziwa alipewa hayo, mgonjwa hayo hayo, na mzee asiye na meno pia. Sisi tuligombania kulamba mdomo wa kibuyu.

Mdogo wangu, anayeosha magari ya watalii Karatu mjini, akila chipsi na soda anarudi amejikunja. "Braza, tumbo linaunguruma kama gari linalopanda mlima wa Kreta." Bibi alikuwa akimcheka sana. "Jaribu majani basi, ng'ombe wanayaweza."

Mwaka huu hacheki. Ukame umemaliza ng'ombe wetu, na tumbo la Bibi limeanza kukataa. Ugali unarudi. Wali unarudi. Hata uji mwembamba unarudi. Kwenye zahanati walituambia tumpe chochote kitakachokaa, maana mwili unakwisha. Yeye aliomba kitu kimoja tu, maziwa ya kibuyu.

Nilipita kwa majirani, nikiomba japo kikombe kimoja cha maziwa. Nao hawakuwa na ng'ombe wa kukamua. Nikanunua maziwa ya boksi. Nikashusha kibuyu kilichokuwa kimekauka siku nyingi, nikakisugua kwa kijinga kama nilivyomwona akifanya, nikamimina, nikangoja. Hayakuganda. Yalibaki maji meupe, kisha yakawa machungu. Sikujua kwamba kiwandani huchemshwa mpaka hakibaki kitu cha kuyagandisha.

Nilipofungua kizibo kando ya kitanda chake, Bibi alinusa tu.

"Umekifukiza vizuri, mjukuu wangu," alisema. "Lakini hayo hayana ng'ombe ndani yake. Kamwage."

Kisha akageukia ukutani.

Zamani chakula hakikututosha. Tulikwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko mpaka Bibi akasema tutaitoboa, na kila tulichomeza kiligeuka kuwa mbio na kelele. Sasa uji upo, wali upo, na yeye anapungua kila ninapomgeuza. Kila asubuhi bakuli lake linapoa limejaa, nami natoka nje kuwamwagia kuku. Kuku wananenepa.