Vitambaa Nyeupe ya Baba Aline

Rafiki, sogea hapa karibu, maana hii sielezi kila mutu. We nakuamini. Wengine watasema huyu mama alichanganyikiwa na kilio. Apana. Kilio kilikuwa bado hakijanifikia. Niliona kwanza, nikalia nyuma. Na Mungu ninayemuomba kila asubuhi anajua sisemi uongo.

Ilikuwa wakati wa vita, tunakaa mutaa wa Ngagara, mujini. Bwana yangu, Baba Aline, alikuwa fundi wa ndege kule uwanjani, mu kampuni ndogo yenye ndege mbili tu. Barabarani watu walikuwa wanauawa, kwa hiyo dawa, wagonjwa, wamama na watoto, vyote vilipita juu.

Mi kazi yangu ilikuwa vitambaa. Nilikuwa nakata mashuka nyeupe ya zamani, nafua, napiga pasi, yeye anabeba. Alikuwa anafungua kizibo chini ya moteri, anapangusa mafuta na kile kitambaa, anakiangalia kwenye mwanga. Akiona chembe za chuma zinang'aa, basi moteri inajila yenyewe ndani, ndege haipandi.

Na jioni akirudi, hagusi mutu nyumbani kabla ya kupangusa mikono na kitambaa kisafi. Watoto wanamurukia, yeye ameinua mikono juu kama mutu aliyesimamishwa na askari ku bariyeri. Anasema, ngojeni kwanza, niko muchafu. Anapangusa kidole kwa kidole, halafu njo ananishika shavu. Miaka yote ile. Nilikuwa namutania kwamba hata padri hanawi hivyo mbele ya misa.

Halafu ikaja ile mashine mupya. Yenyewe inachunga moteri, ndege ikiwa juu. Chuma kikiingia mu mafuta, taa nyekundu inawaka mbele ya rubani. Kila mutu akafurahi. Vitambaa vikapungua, mwisho hakuna aliyeviomba tena. Baba Aline naye akazoea kama wenzake. Mara moja tu, tukiwa tunakula, aliacha mukate mukononi akaniuliza:

"Taa haiwaki, tunasema moteri ni nzima. Na kama taa njo imekufa, nani atatuambia?"

Nilimuongezea maharage.

Ile siku ninayotaka kukuelezea, alisafiri na ndege moja, maana fundi alikuwa anaenda nayo. Jioni, jua linashuka nyuma ya milima ya kwetu Uvira, ng'ambo ya ziwa, mi niko uani naanua nguo. Nikageuka, nikamukuta amesimama karibu na mulango. Salopeti, ile nguo yake ya kazi, imelowa mpaka shingoni. Unanisikia? Na siku ile mvua haikunyesha.

Alikuwa ameinua mikono.

"Mama Aline, nipe kitambaa."

Nilikuwa na vitatu ku kamba. Nikamupa kimoja. Akapangusa kidole kwa kidole, mikono ikabaki myeusi. Akaomba kingine, na kingine. Nikacheka, nikamuuliza leo umelala ndani ya moteri? Hakucheka.

"Haitoki," akasema.

Nikamwambia acha, njoo hivyo hivyo, gauni nitafua. Nikamusogelea. Akarudi nyuma.

"Niko muchafu, mama. Ile ndege ingine isipande asubuhi."

Nikainama kuchukua beseni na sabuni. Kuinuka, hakuna mutu. Mulango wa bati ulikuwa umefungwa na komeo, kwa ndani. Niamini, niliishika ile komeo kwa mukono yangu. Na chini kulikuwa vitambaa vitatu, vyeusi, vimejaa chuma chenye kung'aa kama vioo vilivyosagwa.

Bado nimesimama pale, hodi. Ni shefu wake wa kazi, amekimbia ili asikutwe na kuvrefe, ile saa ya kukatazwa kutembea, kofia iko mukononi. Akasema ndege ya Baba Aline ilianguka ziwani saa za mchana. Wote waliokuwa ndani wamekwenda, hakuna aliyepona.

"Wamepigwa risasi," akasema. "Ni hii vita."

Nani angebisha? Miaka ile kila kifo kilikuwa na jibu moja, hata kabla ya kuuliza.

Sikulia. Nilimuonyesha vitambaa, nikamwambia ametoka hapa sasa hivi, anasema ile ingine isipande. Kesho asubuhi ile ndege ilikuwa ibebe wamama na watoto wagonjwa. Shefu aliniangalia vile wanaangalia mujane. Akasema pole pole, taa ya ile ndege haijawaka hata siku moja.

Nikamuuliza vile Baba Aline aliniuliza: "Na kama taa njo imekufa, nani atatuambia?"

Aliposikia hayo maneno alikaa chini, pale pale ku simenti. Labda aliwahi kuyasikia kazini, ku mudomo wa Baba Aline mwenyewe. Akachukua kitambaa, akasugua mafuta kati ya vidole, akanusa. Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi alirudi, macho mekundu. Walifungua kizibo cha ile ndege ingine: mu mafuta, chuma tupu. Na waya ya taa ilikuwa imekatika. Moteri ingepasuka, taa haingewaka. Akanieleza kwamba wamama wamekaa pale uwanjani na watoto migongoni, wanatukana kampuni kwa kuwachelewesha. Hapo njo nililia. Walikuwa wazima, wanatukana.

Watu waliniambia nishukuru. Nashukuru, kila siku. Lakini mi nilitaka ule mukono ku shavu, na uchafu wake wote. Ziwa halikumurudisha.

Vile vitambaa nimefua na sabuni, na majivu, na maji ya moto. Mafuta hayatoki, na hayakauki mpaka leo. Kimoja shefu aliomba, kiko juu ya mulango wa karakana yao, na kizibo kinafunguliwa, taa iwake isiwake. Viwili niko navyo. Na kila jioni natundika kimoja kisafi karibu na mulango. Padri alinikanya kwa upole. Nasali vile anataka, na natundika.

Basi we, ukiwa na mashine inayokuchungia kitu, usiridhike kwa sababu imenyamaza. Ijaribu uone kama ni nzima. Na mutu wako akirudi na mikono michafu, usimungojeshe apanguse. Mushike.

Sasa umupelekee mwengine hii habari, zaidi sana mama mwenye bwana wa kazi ya mafuta. Umwambie leo, kabla bwana hajafika nyumbani.