Mawe ya Kupanga

Njia ya kutoka kwetu, upande wa Mwamapalala, hadi Bariadi mjini ilikuwa mbovu, lakini haikupungukiwa majina. Penye mchanga tuliita luseni. Penye udongo mgumu kama sakafu tuliita ibambasi, na hapo hata jembe liligoma. Penye udongo mweusi unaonata tuliita mbuga, na mtu akisema amekwama mbugani hakuulizwa swali jingine. Hayo yalikuwa maneno ya nyumbani. Maneno mengine yalikuja na magari: moramu, kokoto, makorongo. Lami tuliisikia redioni tu. Bibi mmoja jirani yetu aliamini mpaka anakufa kwamba lami ni shuka kubwa, kwa sababu alisikia inatandikwa.

Nayapenda maneno hayo yote. Lakini lililoingia nyumbani kwetu na kukaa ni moja, neno kupanga.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Zamani pamba yetu ilinunuliwa na ushirika peke yake, na lori lake lilikuja lilipotaka, lakini lilikuja. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, watu wenye haraka na magari ambayo hawakutaka yachafuke. Bariadi ikajaa wageni wanaotafuta pa kulala na pa kufungua duka, na kila ukuta ukaandikwa kwa mkaa: chumba cha kupanga, fremu ya kupanga. Mwenye banda la mbuzi alilifagia akaliita chumba. Kwa hiyo neno hilo tulilijua vizuri, kwa maana moja tu. Unampa mtu kitu chako akitumie, anakulipa kodi, akimaliza anakurudishia.

Baba yangu alikuwa ameshafariki. Alichomwachia mama, ukiacha sisi watoto, kilikuwa lundo la mawe nyuma ya nyumba. Aliyaleta kutoka mlimani kwa mkokoteni wa ng'ombe, kiangazi baada ya kiangazi, akichagua yenye uso bapa, maana alitaka kumjengea mama nyumba ya bati yenye msingi wa mawe. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa ikiliwa na maji kutoka chini kila mvua zikinyesha. Alimwahidi msingi, akafa kabla hajauchimba. Mama alipofagia kaburi lake pembeni mwa uwanja, alimalizia kwa kulifagia lile lundo. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia, na kuku waliolidonoa walikiona cha moto.

Kati ya kijiji chetu na barabara kubwa palikuwa na bonde la mbuga. Mwaka huo wanunuzi walichelewa, mvua zikawahi, na mnunuzi mmoja akatuambia bila kupepesa macho kwamba gari lake haliingii pale. Pamba ikabaki majumbani. Kwetu ilijaa chumba kizima, tukawa tunalala juu yake.

Ndipo akaja msimamizi wa barabara, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kitamu ambacho sisi tulikisikiliza kama wimbo. Alituita mkutanoni akatueleza kwamba bondeni atajenga drifti, yaani sakafu ya mawe ya kuvushia magari juu ya tope. Kokoto alikuwa nazo.

"Ninachokosa," akasema, "ni mawe ya kupanga."

Mama akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni, nikashtuka.

"Mimi ninayo," akasema. "Utayapanga kwa muda gani?"

"Siku chache tu, mama yangu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Tunakuwa tumemaliza."

Mama akakaa, ameridhika kabisa. Na mimi pia niliridhika, mimi niliyemaliza darasa la saba na kusifiwa kwa Kiswahili. Mtu wa pwani atacheka. Atasema mawe hukodiwa, hayapangwi, kinachopangwa ni nyumba. Ni kweli. Lakini sisi Kiswahili tulikipata ukubwani, juu ya Kisukuma, na neno tulilitumia pale tulipoliona likitumika.

Mpango wa mama ulikuwa safi. Mawe yataenda bondeni, lori litavuka, pamba itauzwa, bati zitanunuliwa, kisha mawe yatarudi na msingi utajengwa. Mpaka leo sijaona kasoro ndani yake.

Mafundi waliyalaza mawe ya baba nyuso juu, ubavu kwa ubavu, wakashindilia kokoto kwenye nafasi. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kuikana. Lori likaja, likavuka bila hata kuyumba, pamba ikaondoka, na bati zikaletwa nyumbani zikang'aa mpaka ng'ombe wakazishangaa. Kesho yake mama alifunga mkokoteni, akanichukua mimi na kaka yangu, tukaenda bondeni. Msimamizi alikuwa pale na vibarua wake, wakimalizia kingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimefuata mawe yangu."

"Mawe gani tena, mama yangu?"

"Yale uliyopanga."

"Si ndiyo haya? Nimeyapanga," akasema, akionyesha chini kwa fahari. "Hayatikisiki."

"Naona. Sasa nirudishie."

Vibarua, watoto wa kwetu, walielewa kabla yake, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaanza kufafanua kwa upole kwamba kupanga ni kuweka kitu kimoja kando ya kingine. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na vyumba vya kule Bariadi?" akauliza. "Navyo watu wanaviweka kando kando?"

Nilimpenda yule bwana kuanzia hapo, kwa sababu angeweza kumcheka mama na hakumcheka. Aliwanyamazisha vibarua. Akamuuliza mama mawe yalikuwa ya nini, na mama akamwambia yote, ya baba, ya mlimani, ya msingi.

"Neno ni langu," akasema msimamizi. "Nilisema mimi, mbele ya watu. Kama ulisikia napanga, basi nimepanga. Chukua mali yako." Akampa kaka yangu mtaimbo.

Kaka alibandua jiwe la kwanza. Lilitoka kwa shida, na shimo lake likajaa maji meusi papo hapo. Kabla hajagusa la pili, mkokoteni wa jirani yetu ukafika ukingoni, mkewe amekaa juu na kichanga kifuani, wakirudi kutoka hospitali.

"Mwangaluka, mayu," jirani akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Aliwashika ng'ombe wake akasubiri, macho kwenye shimo. Mama naye alilitazama shimo, akalitazama jiwe miguuni pake, na machozi yakamtoka. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Niliwachukia wote saa ile, jirani na ng'ombe wake, msimamizi na Kiswahili chake, maana nilijua mama atafanya nini na nyumba yetu itakosa nini.

"Rudisheni," akatuambia.

Tulilirudisha. Msimamizi mwenyewe alipiga magoti kwenye tope akashindilia kokoto. Mkokoteni ukavuka.

"Haya, endelea kupanga," mama akamwambia, akijifuta uso kwa kanga. "Ila ukihama unirudishie."

"Nimekubali, mwenye nyumba."

Na alilipa kodi yule bwana. Kila alipopita alisimama kwetu na sukari au mche wa sabuni, akipiga hodi kama mpangaji mwenye adabu. Kisha alihamishwa ghafla, hatukumwona tena. Mama hakumsema vibaya. "Mpangaji wangu amehama," alikuwa akiwaambia watu, "ila mizigo kaiacha ndani." Kijiji kizima kikaizoea habari hiyo, na madereva wa malori ya pamba wakivuka drifti walimpungia mkono wakimwita mwenye nyumba.

Lakini kucheka hakujengi ukuta. Bati ziliezekwa juu ya kuta za udongo zisizo na msingi, na kila mwaka mvua zikiisha mama alikoroga udongo na samadi akaziba chini palipoliwa. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Ila tukienda gulioni, tukifika bondeni, alivua ndala akavuka miguu mitupu, polepole, nasi tulijifunza kumsubiri upande wa pili. Watu husifu wanaojenga barabara. Mimi namsifu mama yangu, aliyeitoa nyumba yake ikanyagwe, akijua anachotoa.

Miaka ilipita. Tulimjengea nyumba ya tofali na saruji pale pale uwanjani, akashukuru, akahamia. Kisha mwaka mmoja nikasikia bondeni wanaweka kalavati na kuinua barabara kwa moramu, na kwamba greda limeisukuma drifti pembeni. Nilikodi trekta siku hiyo hiyo. Kukodi, ndiyo, sasa najua. Nikaokota mawe yaliyookoteka, nikampelekea.

Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, na mvua ikinyesha uwanja wetu mweusi ulimfungia ndani. Alitolewa kiti akakaa kando ya lundo. Alipapasa jiwe moja muda mrefu. Lilikuwa limelainika kwa magurudumu na kwato.

"Lilipoondoka lilikuwa na makali," akasema. "Baba yako lilimkata kidole."

Nilimuuliza tuyaweke wapi, nikidhani atasema nyuma ya nyumba, mahali pake pa zamani. Aliinua fimbo akaonyesha kuanzia mlangoni kwake, kukatiza tope lote, mpaka kwenye kaburi la baba pembeni mwa uwanja.

"Sasa yapange," akasema.