Seremala Aliyejipiga Randa

Seremala huyu hupenda kusema kwamba aliiacha pombe. Wenye ulimi mkali husema pombe ndiyo iliyomwacha, lakini tumwachie mwenyewe hilo. Alipoiacha, ini lilikuwa limeshaharibika na mkewe ameshahamia kwa dada yake. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma cha kulala. Alimtamani mkewe mpaka gundi ikamkaukia kwenye brashi.

Hospitali walipomwambia sukari nayo imepanda, akalielewa jambo kifundi: mlango ukikwama, upige randa. Akaacha chakula cha jioni, halafu cha mchana. Alitaka mkewe akirudi amkute mtu mpya.

Siku mke alipokuja kuchukua nguo zake, akamkuta kweli mtu mpya: nusu ya yule wa zamani, mikono vijiti, na randa yenyewe imemshinda. Hakuuliza mengi. Alimshika mkono wakaenda kliniki.

"Nani alikwambia ujinyime?" aliuliza mtaalamu wa lishe.

"Si sukari?"

"Ini lako limechoka, baba. Mwili hauisikii insulini vizuri, ndiyo maana sukari inabaki kwenye damu. Ila ini hilohilo haliweki akiba ya chakula tena. Ukilala na njaa, mwili unatafuna misuli yako. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Mayai, maharage, samaki. Na kabla ya kulala tia kitu tumboni. Pombe na soda, usiguse."

Mkewe alitikisa kichwa. "Miaka yote nakuomba uache chupa, mwenzangu, wewe umeacha sahani."

Walirudi nyumbani. Mke akabandika maharage, akachemsha mayai, akaketi kwenye kigoda mkoba ukiwa begani.

"Kula. Nitakaa mpaka umalize."

Maisha yake yote seremala alikuwa akila kama anayekimbizwa. Jioni hiyo alitafuna kama asiye na meno. Aligawa yai vipande, akakitazama kila kimoja kabla ya kukila. Moyo ulimuuma kwa furaha ya kumwona mtu ameketi pale.

"Mbona hivyo?" mke aliuliza. "Hakina chumvi?"

"Kitamu sana."

"Sasa?"

Seremala aliinamia sahani. "Nikimaliza utaondoka."

Mke akainuka, akaifuata sufuria jikoni, akamwongezea maharage.